Sahani Iliyorudi na Fundo Lake

Assalamu alaikum, kina mama zangu. Na nyie wa Bwana asifiwe nawasalimu, msije mkasema bibi kawaruka. Walionizidi umri, shikamooni. Mbona kimya? Basi nipeni ya kwangu. Marahaba. Marahabani wanangu.

Mwenyekiti wetu aliniambia, "Bibi, mkutano ujao tunazungumza usafi wa nyumba, na zamu ya uji ni yako." Nikamwambia sawa, nitapika, lakini niacheni niseme kabla watu hawajanywa. Akacheka. "Kwa nini kabla, bibi? Watu wakishiba ndio wanasikiliza." Nikamwambia wewe niache tu. Uji uko pale kwenye sufuria kubwa, nimeutia tangawizi na pilipili manga ya kwetu mlimani, umefunikwa. Nikimaliza kusema, kila mtu ataamua mwenyewe anywe asinywe. Atakayeondoka bila kunywa sitamuuliza kitu.

Maana ndugu zangu, mimi niliwahi kuitwa mchafu. Si kwa kunongonezwa. Niliitwa mchafu uwanjani, watu wamekaa kama mlivyokaa hivi.

Shule niliiona kidogo tu, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Lakini kichwa changu hakipotezi jina la mtu. Wote waliokuja kwangu siku ile nawajua, jina lake na la baba yake, na jamvi alilokalia. Leo sitataja hata mmoja. Na huyo mwanamke nitakayemsema nitamwita mwenzangu, kwa sababu ndivyo tulivyoitana tangu usichana wetu. Tuliwekwa ndani uwali msimu mmoja, nyumba moja, tukafundwa na bibi mmoja, tukatolewa siku moja tukiwa tumebebwa mabegani na ngoma inalia. Nyie mlio wa kwetu mnaelewa. Mtu uliyetoka naye ndani ni zaidi ya dada, siri yako anayo yeye, na yake unayo wewe. Hata fundo la kufunga sahani ya chakula tulifundishwa pamoja, kitambaa kinapita chini, kinarudi juu, ncha zinachomekwa ndani zisining'inie. Kila mmoja akawa na namna yake. La kwake nalijua hata gizani, na langu analijua.

Tukaolewa mtaa mmoja kule juu. Yeye nyumba yake iko mlimani zaidi, mimi chini yake kidogo, mgomba wake ukianguka unaangukia kwangu. Maji yetu yanatoka kwenye chemchemi msituni, yanashuka kwa mianzi iliyopasuliwa, mwanzi unamwagia mwanzi mwenzake. Yanapita kwanza kwake, halafu kwangu, halafu yanaendelea kwa watu wa bondeni. Maji ya baridi, meupe, unaona mpaka chini ya ndoo. Sisi hatukuwa tunachemsha. Nani achemshe maji ya mlimani? Tulikuwa tunawacheka watu wa mjini na maji yao ya bomba yenye harufu ya dawa.

Na nyumba yangu, wanangu, ilikuwa nyumba. Mtanisamehe nikijisifu, lakini mmeniita nizungumze usafi. Uwanja nilifagia kabla jua halijatoka. Sakafu ya udongo niliisiriba mwenyewe, ukikaa haikuachii vumbi kwenye nguo. Vyombo nilisugua kwa jivu na majani ya mgomba makavu, nikavianika kwenye kichanja, mtu akipita njiani vinammulika machoni. Choo kilikuwa na mfuniko wenye mpini. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Kwa mke wangu hata kuku anapangusa miguu kabla ya kuingia."

Alipotimiza mwaka tangu afariki, nikasema nimsomee dua. Watu waje, wale, wamuombee. Mwenzangu ndiye niliyempa jiko lote. Alikuja asubuhi amechelewa kidogo, macho mekundu. Nikamuuliza, "Vipi, mwenzangu, hukulala?" Akasema, "Moshi tu." Tukapika pilau, tukakata kachumbari, tukajaza mitungi maji. Watu walikuja wengi, mpaka wa mtaa wa pili. Wakala, wakanywa kwa kata, wakasema ahsante.

Kuna kitu kimoja nilikiona siku ile na sikukielewa. Mwenzangu alikula pilau, sahani nilimpakulia mimi, akaomba na ukoko. Lakini nilipompa maji akasema, "Nipe chai." Jua kali vile, sote tunatoka jasho la jikoni, yeye anataka chai. Nikadhani ana homa ya baridi, nikamwekea na tangawizi nyingi.

Kesho yake matumbo yakaanza. Huyu anakimbilia chooni, yule anatapika njiani. Mzee mmoja alibebwa kwenye kitanda cha kamba mpaka barabarani kunakofika gari. Nilimfuata nyuma nalia, nasema Mungu wangu, nimeua mtu kwenye dua ya mume wangu. Hakufa, alhamdulillahi. Wote walipona. Na hata bondeni waliumwa watu ambao kwangu hawakufika siku ile, lakini hao nani aliwaangalia? Walisema tu, hao nao wamepelekewa kiporo.

Bwana afya akapanda kuja. Akaangalia choo changu, akaangalia vyombo, akaangalia mitungi. Kijana mpole. Akatukusanya uwanja wa shule, akauliza, "Kabla ya shughuli hii, kuna nyumba yoyote ilikuwa na mgonjwa wa kuhara? Msifiche, simfungi mtu. Nataka kujua ulipoanzia."

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Akauliza tena. Ndipo mwenzangu akasimama. Alikuwa amekaa ubavuni kwangu, kanga zetu zimegusana. Akasema, "Bwana afya, tusizungushane. Mimi siku ile nilikuwa jikoni kwake. Sikula hata punje. Niliona vyombo vinaoshewa maji yaleyale mpaka yamekuwa meusi. Nikanyamaza kwa kumuonea aibu mwenzangu, mjane."

Kina mama zangu, nilimtazama nikingoja acheke, aseme anatania. Akakaa. Akavuta kanga yake isiguse yangu.

Kuanzia pale watu walinila mzima mzima. Kina mama walikuwa wakinisalimia kwa mbali, mikono nyuma. Harusi ikapikwa jirani, mimi mpishi wa miaka yote sikuitwa hata kumenya vitunguu. Vijana wakatengeneza mzaha wao, "Ukipita kwa bibi yule, pita na dawa ya tumbo mfukoni." Mtoto mmoja aliniambia hivyo usoni halafu akanipa shikamoo. Nikaitika.

Ikaja Ramadhani. Nikajipa moyo. Nikasema mwenzangu pengine alibabaika mbele ya bwana afya, mtu akiogopa huropoka, ngoja nimfungulie njia. Nikapika muhogo wa nazi, mzito, kama anavyoupenda. Nikapakua kwenye sahani yangu ya maua, nikafunika, nikafunga kitambaa kwa fundo letu, nikampelekea kwa mkono wa mjukuu wake aliyekuwa anacheza uwanjani kwangu.

Mtoto hakukawia. Karudi na sahani. "Bibi kasema ahsante, tumeshiba." Tumeshiba, na adhana bado!

Nikaiweka sahani kwenye mkeka. Fundo lilikuwa vilevile. Ncha zimechomekwa ndani kama nilivyozichomeka mimi. Hakufungua hata kunusa. Nilifuturu maji peke yangu na ile sahani iko mbele yangu, muhogo unapoa. Kufiwa nimefiwa, njaa nimeiona, lakini lile fundo ndilo lililonivunja.

Mnajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilisugua. Nilisugua sufuria mpaka matako yake yakawa membamba. Nilifagia uwanja mpaka mizizi ya mlimao ikatoka nje. Mikono ikachubuka, naitia kwenye jivu hivyo hivyo. Nilikuwa namsugulia nani? Hakuna aliyekuwa anakuja. Halafu siku moja nikaacha. Nikaacha kabisa, wanangu. Ufagio ukalala mlangoni. Mbuzi wa jirani wakaingia mpaka chumbani. Buibui wakajenga. Nikasema si wameniita mchafu? Basi, waje wauone uchafu.

Binti yangu aliposikia, akapanda kunichukua, akanileta hapa mjini, Mafiga. Nikadhani nimepona. Lakini maneno yalishanitangulia, yameshuka na kina mama wanaoleta ndizi sokoni. Nikishika mwiko, binti yangu ananiambia, "Pumzika mama, umechoka." Nikiosha vyombo, nasikia baadaye vinaoshwa tena. Mpaka siku moja mjukuu wangu mdogo, yule mtundu, nampa maji ya kikombe changu akarudisha mikono nyuma. "Bibi, mama kasema kikombe chako ni chako peke yako." Mtoto hana kosa, alisema alivyoambiwa. Nikayanywa mwenyewe. Siku ile nilijua kwamba hata kwa niliyemzaa, mimi ni ugonjwa.

Ndipo shemeji yangu akafariki kule juu. Kuzika hakukatazwi, hata kwa mchafu. Nikapanda. Nikachukua kikombe changu kwenye mkoba, nisimtie mtu kinyaa. Nikakaa pembeni, nyuma ya kina mama, karibu na kuni.

Sasa wengine hapa si wa huko kwetu, wacha niwaambie. Kwetu msiba una watani. Ni watu wa ukoo mwingine, ukoo ulioshirikiana utani na wenu tangu mababu. Mtani akija msibani anasema lolote, anamsema maiti, anamsema mjane, anajilaza kaburini, na hakuna wa kumkasirikia. Ukitaka aache, unamshika mkono kwa kitu kidogo, na anayetoa ni yule aliyeguswa. Ndivyo ilivyo.

Mtani wetu ni bibi rika langu, mkavu, sauti kama tarumbeta. Alikuwa hajaonekana muda mrefu, alikuwa Dumila kwa mwanawe anayeuza vitunguu barabarani. Kaja na vurugu zake. "Nyie wenye msiba! Marehemu alikuwa na pua ile, kaburi mmelipima na pua au bila pua?" Watu wamelia, wanacheka, machozi yanachanganyika. Akaniona mimi nyuma kule na kikombe changu.

"Na huyu mbona kajitenga na kikombe kama mgeni wa serikali?"

Mama mmoja akamnong'oneza ile habari, mimi nasikia: dua, matumbo, uchafu. Mtani akasikiliza. Akauliza, "Dua ilikuwa siku gani?" Akaambiwa.

Halafu akachukua beseni. Akajifunga kanga kiunoni. Akachuchumaa katikati ya uwanja, akageuka kushoto, akageuka kulia, kama mwizi. Akaanza kusugua nguo za hewani. Anasugua, anaziba pua, anasugua, anamwaga.

"Mimi nawahi gari la Dumila," anasema, "alfajiri, kiza hakijatoka vizuri, napita njia ya juu. Namkuta mtu kwenye mianzi anafua. Anafua nini saa hizo? Mashuka ya mgonjwa! Harufu imenisindikiza mpaka barabarani! Nikasema huyu anayatia chumvi maji ya watu wa chini."

Watu wakacheka. Walicheka sana. Mtani akasimama, beseni kiunoni. "Mnacheka nini? Mlikunywa nyie! Ndiyo siku ya dua ile! Mkaja mkamla mwenzenu nyama!"

Kicheko kikakatika.

Hakutaja jina. Mtani hataji. Alinyoosha tu kiganja, akawa anazunguka nacho mbele ya kina mama, taratibu, mmoja mmoja. "Aliyeguswa anishike mkono nikae. Miguu inaniuma."

Kiganja kilipofika kwa mwenzangu, kikasimama. Angeweza kutazama pembeni. Hakuna ambaye angemlazimisha. Lakini aliinama, akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa sarafu, akaweka kwenye kile kiganja. Mtani akafumba mkono, akasema, "Nimekaa." Akakaa.

Uwanja mzima uliona. Ukitoa, umekubali.

Alinifuata jioni, naokota kuni nyuma ya nyumba. Akasimama mbali kidogo. "Mwenzangu," akasema.

Nikasema, "Nakusikia."

"Mama yangu alikuwa ndani, anaharisha siku kadhaa. Mikono yangu miwili tu. Mashuka yalikuwa yamejaa, na shimo liko mbali, watu wangeniona nimebeba. Nikasema maji yatachukua. Sikujua kama yataleta lile."

"Lakini chai uliiomba."

Akaanza kulia. "Ningesema pale kwa bwana afya, wangeniita mchafu. Na mama yangu wangemuita hivyo, mtu mzima yule, anasubiri kufa."

Nikamwambia, "Kwa hiyo ukawapa mimi."

Akajifuta uso kwa pindo la kanga.

Sikumpiga, sikumtukana. Wengine mngependa niwaambie tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Nilibeba kuni zangu nikaondoka.

Lakini asubuhi yake nilirudi kwenye nyumba yangu. Nikafukuza mbuzi. Nikatafuta ule ufagio. Ninafagia, mara namuona mtani huyo, kaingia bila hodi, kajitupa kwenye kinu. "Nipikie," anasema. "Nina njaa ya msiba." Nikamwambia nyumba chafu, mtani. Akasema, "Nyumba chafu inafagiliwa. Pika." Nikapika ndizi. Alikula mpaka akalamba vidole, akaniita mchawi wa ndizi, akaomba nyingine. Huyo ndiye mtu wa kwanza kula mkononi kwangu tangu dua ile. Nilikuwa namtazama anavyotafuna, nikawa natafuna naye mdomo mtupu.

Bwana afya naye akarudi, safari hii watu wakasema kweli. Chemchemi ikazungushiwa uzio, mahali pa kufulia pakatengwa bondeni, mbali na mianzi. Mimi nikafunga kibuyu chirizi cha kwanza mtaani, mnakijua, dumu linaning'inia, unakanyaga kijiti maji yanatiririka, hushiki kitu kwa mkono uliotoka chooni. Maji nachemsha mpaka yatokote, meupe au si meupe. Binti yangu alipiga magoti sebuleni kwake pale, akaniomba radhi. Na yule mjukuu siku hizi anakunywa kwenye kikombe changu hata nikimkataza.

Kwa hiyo ahsante yangu ya kwanza ni kwa mtani wangu, popote alipo na mdomo wake. Ahsante kwa bwana afya, kwa kuwa aliuliza ulipoanzia, hakuuliza ni nani. Ahsante kwa binti yangu aliyejua kuomba radhi. Na nyie, ahsanteni kwa kunipa zamu ya jiko bila kuniuliza habari zangu.

Na neno langu ni hili. Usafi wa kufagia mnaujua, sitawafundisha. Ila mgonjwa wa tumbo akiwa ndani kwako, sema. Jirani akisema kwake kuna mgonjwa, usimcheke, usimuite mchafu, mbebee maji, msaidie kufukia. Sisi tunalitumia hilo neno kama kisu, ndiyo maana watu wanafua alfajiri kwa kujificha. Mwenzangu alikosa. Lakini aliliogopa neno ambalo hata mimi, nyumba yangu ilipokuwa inang'aa, nilikuwa nalisema juu ya wengine.

Mtaniuliza kama nimemsamehe. Namsamehe kidogo kidogo. Kuna siku nasamehe, kuna siku nakumbuka ile kanga aliyoivuta isiguse yangu, naanza upya.

Ramadhani iliyopita nilipanda nikafunga kule juu. Jioni moja akaja mjukuu wake, kabeba sahani. Nikaangalia fundo. Lake. Nimekaa nalo mbele yangu mpaka adhana ikaadhiniwa. Nikalifungua. Ulikuwa muhogo wa nazi. Nikala vipande viwili. Maji yake, bado sijayanywa.

Sahani kwetu hairudi tupu. Nikaiosha kwa jivu, nikaweka ndizi mbivu, nikafunga kwa kitambaa changu, fundo langu. Kesho yake kitambaa kikarudi kimekunjwa, kimefuliwa.

Basi, nimemaliza. Kibuyu kiko pale mlangoni, sabuni ipo, kila mtu ana kikombe chake, vimefunikwa. Mimi naketi hapa hapa karibu na sufuria, mwiko ninao.

Nani ananawa wa kwanza?